Kuzika Haijakuwa Kazi ya Nyumba Moja: historia ya feza za kilio kwetu



Katika ukurasa huu wa historia tumezoea kuandika juu ya njia tulizopita: vita, ziwa, kambi, kurudi. Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na wachache wanapenda kuliongelea mbele ya watu: feza za kilio. Nani analipa sanduku? Nani analisha watu wa matanga? Na watu wakiisha kuondoa mikeka na kwenda zao, deni linabaki kwa nani?

Sababu ya kuandika sasa munaijua. Mkutano mkuu uko karibu, na mbele yake kuna pendekezo la kugawa mfuko wetu wa kusaidiana mara mbili: sehemu ya maziko na sehemu ya matanga, na ile ya maziko itangulie siku zote. Wazee wamoja wamesema kwamba hiyo ni kutupa desturi. Vijana wamoja wamesema matanga yote yafutwe, kila mtu azike na kurudi kazini. Tumesikia pande zote mbili. Tunaona kwamba zote zinaongea juu ya desturi kana kwamba ilikuwa paka moja tangu mababu. Haikuwa hivyo. Desturi yetu ya kilio imebadilika mara nyingi, na kila mara ilibadilika kwa sababu watu walitafuta namna ya kuzika mtu wao bila kuua nyumba yake.

Wazee walilipa kwa mikono

Mbele ya feza kuingia katika vijiji vyetu vya Fizi na Uvira, kilio kilikuwa na gharama, lakini haikuwa gharama ya kununua. Mtu alifungwa katika mkeka au nguo. Vijana walichimba kaburi. Wanawake walileta kuni, maji, unga wa muhogo, sombe, ndizi. Watu wa kando ya ziwa walileta ndagala na mikeke. Mwenye mbuzi alileta mbuzi, na jamaa walikumbuka kwamba ameleta, kwa maana siku yake ingefika naye.

Mambo hayo yalipangwa na wazee waliokaa pamoja. Kwa Wabembe palikuwa na lubunga, mahali wanaume walikaa kusikiliza maneno ya kijiji na ya ukoo. Hapo walijua nani ni mjomba wa marehemu, upande gani unaleta nini, wajane wanabaki na nani. Kwa hiyo yule aliyefiwa hakuulizwa: “Uko na kiasi gani?” Yeye alikaa chini akalia. Wengine ndio walitembea.

Ndugu zetu Waislamu wa Baraka, Uvira na upande wa Kabambare na Kasongo walikuwa na njia yao, na wanaifuata hata leo: sanda nyeupe, maziko ya haraka, bila kungojesha maiti na bila sanduku la bei. Hakuna anayesema kwamba wanadharau wafu wao. Tunalitaja hili kwa sababu tutalirudia.

Ubao, mshahara na orodha

Wakati wa Wabelgiji mambo yaligeuka kidogo kidogo. Kodi ya kichwa ililipwa kwa feza, basi ilibidi watu watafute feza. Wengine walilima pamba kwa lazima, wengine walienda kwenye migodi. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, ilichimba zahabu kule Kamituga. Katanga kulikuwa na Union Minière, tangu 1906. Watu wa makabila mbalimbali walijikuta wakikaa katika nyumba za mstari mmoja, mbali na wajomba zao.

Huko mtu akifa, nani angemlilia? Ukoo ulikuwa mbali. Ndipo katika miji na kambi za wafanyakazi watu waliunda vyama vya kusaidiana. Mara nyingi walikuwa watu wa asili moja, mara nyingine watu wa kazi moja. Walikuwa na kitu ambacho kijiji hakikukihitaji: orodha. Majina yaliandikwa, siku ya mshahara kila mtu alitoa sawa na mwenzake, na mtu akifiwa alipewa kilichokubaliwa. Likelemba, ile ya kupokezana feza kwa zamu, ilikwenda pamoja na vyama hivyo.

Na sanduku nalo likaingia. Mbao za msumeno, misumari, kitambaa cha ndani, msalaba wenye jina. Likawa alama ya heshima. Mtu aliyerudi kijijini kutoka kazini alitaka baba yake azikwe kama watu wa mjini. Kwa hiyo sanduku, ambalo leo tunaona ni desturi ya mababu, ni mgeni wa wakati ule. Hatusemi ni baya. Tunasema tu lilikuja siku moja, na watu wakatafuta namna ya kulilipa kwa pamoja.

Feza iliyokufa mikononi

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo wenye kuweka mfuko wasilisahau.

Tarehe 25 Desemba 1979, Serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifai tena. Watu walipewa siku chache na kiasi kidogo tu cha kubadilisha. Vijijini, mbali na benki, feza nyingi zilibaki karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja ilisimama mahali pa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, na franka moja ilichukua zaire mpya 100,000. Hesabuni wenyewe: aliyeweka akiba ya maziko yake tangu ujana, katika sanduku la bati chini ya kitanda, alibaki na nini?

Vyama vilivyoweka feza tu viliumia. Vilivyosimama ni vile vilivyokuwa na vitu: masufuria makubwa, mikeka, mbao zilizokaushwa, shamba la muhogo la wote. Sufuria iliyonunuliwa wakati wa zaire inapika bugali hata leo wakati wa franka. Ubao mkavu haufutwi na tangazo la redio. Hili si neno la uchumi mkubwa, ni neno la jikoni, na liko na faida kwa mfuko wetu.

Ng'ambo ya ziwa

Kuvuka Tanganyika hakukuanza na sisi. Miaka ya Mulele, kuanzia 1964, wengi wa Uvira na Fizi walikimbilia milimani ao Kigoma. Mwaka 1984, baada ya vita vya Moba, tena watu walitawanyika. Lakini kutawanyika kukubwa kuliko kote tulikuona tangu Oktoba 1996. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka ule katika wilaya ya Kasulu. Lugufu ilifuata. Mwaka 1997 meli ya Liemba ilirudisha watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira, kwa safari 22. Agosti 1998 vita vilianza tena, na wengi wa wale waliorudi walivuka mara ya pili.

Kambini tulifundishwa kulia namna ingine. Chakula kilikuwa cha mgao: unga, maharagwe ao dengu, mafuta, chumvi. Kutoka nje ya kambi bila ruhusa kulikatazwa. Mjomba alikuwa kambi ingine, shangazi alibaki porini Kongo, baba mdogo hakuna aliyejua yuko wapi. Jirani wa nyuma ya shitingi alikuwa mtu wa mahali pengine, pengine wa kabila lingine. Na huyo ndiye aliyekuja wa kwanza kulia na sisi.

Hapo likazaliwa daftari. Katika kila kijiji cha kambi kulikuwa na mtu mmoja, mara nyingi mama, aliyeshika daftari la shule lenye majina ya nyumba. Kilio kikitokea, kila nyumba ilitoa kikombe cha unga, vijiti vichache vya kuni, mafuta kidogo katika chupa. Aliandika nani ametoa na nani hana. Asiye na kitu alichota maji ao alichimba kaburi, na jina lake likaandikwa vilevile. Hakuna aliyepewa haya mbele ya watu. Matanga yalikuwa mafupi, kwa kuwa mgao haukuruhusu mengine.

Ni lazima pia tuseme juu ya wale waliokosa hata hayo. Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, watu waliuawa na wengi walizikwa haraka, bila kuoshwa, bila wimbo. Gatumba kule Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi Wakongomani waliuawa kambini mwao. Tunataja pote pawili kwa makusudi, kwa maana ndani ya shirika letu wako wanaolia huku na wako wanaolia kule. Familia nyingi zilikalia matanga bila maiti, miaka baadaye, mahali pengine kabisa. Aliyepita hapo anajua kwamba kuzika vizuri si anasa. Ni kitu cha kwanza ambacho vita vinamnyima mtu.

Na makaburi yetu mengi yamebaki ng'ambo. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Watu waliondolewa na nyumba zikaanguka, lakini wazazi wetu na watoto wetu wako pale chini ya majani.

Kurudi, na bei ya kurudi

Kurudi kwa mpango kutoka Tanzania kulianza Oktoba 2005, kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Tulishuka na shitingi, blanketi, masufuria, jembe, mbegu na chakula cha miezi michache. Wafadhili wetu wanazijua hizo orodha. Lakini vitu viwili havikuwa kwenye orodha.

Cha kwanza ni ukoo. Tulirudi, lakini hatukurudi sote, wala si siku moja, wala si mahali pamoja. Wengine walibaki Nyarugusu. Wengine, tangu miaka ya 2010, wamepelekwa Marekani na kwingine. Lubunga bila wajomba ni viti tu. Majirani wa kambi nao walitawanyika, na daftari likasahauliwa katika mizigo.

Cha pili ni shamba. Wengi walikuta watu wengine ndani ya mashamba yao. Mbele ya shefu, mtu akiulizwa ushahidi, anaonyesha nini? Mwembe wa babu na makaburi ya babu. Kaburi limekuwa karatasi ya shamba. Kwa hiyo kuzika mtu mahali fulani kumekuwa pia kusema: hapa ni kwetu. Jamaa wanagombana juu ya mahali pa kuzikia, maiti inangojea, na kila siku ya kungojea iko na bei.

Hapo ndipo gharama zilipopanda. Tuzihesabu pamoja, kama tunavyozisikia wanamemba wanapokuja kuomba msaada: deni la hospitali, ambalo hospitali zingine zinataka lilipwe mbele ya kutoa maiti, morgi kwa kila siku, karatasi ya ruhusa ya kuzika, sanduku, gari, kaburi na simenti. Hayo ni ya maziko. Kisha ya matanga: mahema na viti vya kukodi, unga, nyama, vinywaji, muziki, kitambaa cha sare kwa jamaa, picha, na siku ya kuondoa kilio, ambayo siku hizi inashinda hata arusi.

Angalieni tena ile orodha. Sehemu ya kwanza ni fupi, nayo haina ujanja: mtu hawezi kuzikwa bila hiyo. Sehemu ya pili ni ndefu, na ndiyo inayozaa deni. Zamani ni sehemu ya pili ambayo watu walileta kwa mikono yao. Leo wanakuja mikono mitupu, na mwenye kufiwa ndiye anawalisha. Desturi imegeuzwa kichwa chini, nasi tunaiita ya mababu.

Simu nayo imeongeza. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, ndugu wa Marekani ao wa Nairobi anaweza kutuma feza kilio kikiwa bado cha moto. Ni baraka kubwa, hatutasema vingine. Lakini watu wanasikia “mtoto wake yuko Marekani” na wanangojea ng'ombe. Naye yule mtoto amelipa kodi ya nyumba na amebaki na kidogo. Feza yake inaliwa kwa siku tatu, na mjane anabaki na simu isiyo na vocha.

Wafadhili wetu mara nyingi wanatuuliza: mbuzi wa mradi walienda wapi? Mbona cherehani imeuzwa? Jibu moja, na si dogo, ni hili: walienda kwenye kilio. Familia inakopa, kisha inauza mbuzi, kisha jembe, kisha inakodisha shamba kwa misimu. Watoto wanatoka shule. Mradi mzuri wa miaka mitatu unaweza kuliwa kwa siku saba za matanga. Ndiyo maana tunasema mfuko wa kilio unalinda kazi zingine zote za shirika.

Mwaka ambao matanga yalikatazwa

Kuna ushahidi mmoja wa karibu. Tarehe 18 Machi 2020, kwa ajili ya korona, Rais Tshisekedi alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 na matanga majumbani na katika masali. Maiti ilitakiwa kutoka morgi moja kwa moja mpaka kaburini, na watu wachache. Mwaka mmoja mbele, Agosti 2019, ebola ilipofika Mwenga katika mkoa wetu, tulisikia pia juu ya maziko salama na yenye heshima.

Tulilia kwa uchungu wakati ule, kwa maana kukosa kukaa pamoja kunauma. Lakini tuliona vitu viwili. Wafu walizikwa, na hakuna roho ya mababu iliyotudai nyama. Pia tuliona kilichokosekana kweli: watu. Mtu wa kukaa karibu na mjane usiku, wa kumuogesha mtoto, wa kuchota maji. Hema, sare na muziki havikutajwa sana na wale waliolia. Walitaja jirani ambaye hakuweza kuja.

Tunachopeleka mbele ya mkutano

Kwa wazee tunasema: hatutupi matanga. Tunayarudisha yalipokuwa, mikononi mwa wanaokuja. Kwa vijana tunasema: kuzika na kurudi kazini saa ileile ni kumwacha mjane peke yake, na hilo vita vilitufanyia vya kutosha. Kutoka kila wakati tuliopita, tumechukua kitu kimoja.

Kutoka kijijini: anayekuja kulia alete kitu ao alete mikono. Mwenye kufiwa asilishe wageni kwa deni.

Kutoka kwenye migodi: orodha na mchango sawa, wa kila mwezi, usiongojea kifo. Tuchukue mfano tu. Nyumba 100 zikitoa franka 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni franka 1,200,000. Tukiweka pembeni sehemu moja ya tano, franka 240,000, kwa mwaka mbaya, inabaki 960,000. Kukiwa na vilio sita katika mwaka, kila kimoja kinapata 160,000. Tukilipa fundi wa sanduku na gari sisi wenyewe, bila kupitisha feza mkononi, kiasi hicho kinafanya kazi yake.

Kutoka miaka ya zaire: tusiweke yote katika feza. Akiba inunue mbao, masufuria, viti na mashitingi ya shirika, ambavyo mwanamemba hatavikodi tena. Hapa ndipo tunawaomba wafadhili watusaidie mara moja, si kila kilio: vitu vya kuanzia, na ghala lenye kufuli.

Kutoka kambini: daftari, na mama wa kulishika katika kila avenyu. Jirani ahesabiwe kama ndugu, hata akiwa wa kabila lingine. Asiye na feza aandikwe kwa kazi yake. Na daftari lisomwe mbele ya watu kila miezi mitatu, feza zilizoingia na zilizotoka.

Jambo la mwisho ni la sheria. Tangu tarehe 8 Februari 2017 nchi yetu iko na sheria ya mituweli, inayotambua vyama vya watu vya kusaidiana kama hiki chetu. Mkutano ukikubali, komite itaanza kuuliza ofisini njia ya kuandikisha mfuko, ili siku moja mshika feza akihama ao akifa, mfuko usife pamoja naye.

Karibuni mkutanoni na maneno yenu. Mwenye kupinga aje apinge mbele ya wote, lakini aje pia na jibu la swali hili: yule mama aliyezika mume wake mwezi uliopita, ambaye leo analima shamba la mtu ili alipe nyama tuliyokula sisi, tutamwambia nini?

Ni sisi, komite ya shirika.